Mbwa Aliyeandikishwa kwa Jina Langu

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mtu wa Kigoma, na kila Jumapili hupika maharage kwa mawese. Mawese yakianza kupata moto hutoa harufu nzito inayoingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa uani. Mume wangu hufunga dirisha la sebuleni. La chumbani naliacha wazi. Mtu mwingine angekumbuka chakula. Mimi hukumbuka shingo ya mbwa.

Tulikuwa tunaishi Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na baba yangu alilima tumbaku na mahindi. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Sina mengi ya kueleza juu ya kifo chake kwa sababu siyajui. Waliniambia ni homa, nikapelekwa kwa Shangazi Eliza, dada yake baba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na niliporudishwa nyumbani kitanda cha mama kilikuwa kimetolewa nje na kuanikwa juani. Mwaka haujaisha, baba akaleta mke mwingine.

Jina lake lilikuwa Spesioza. Alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, ambako alifika akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba alimfahamu kupitia mambo ya tumbaku, maana na wao kule walilima. Pale kijijini hakuna aliyemwita kwa jina, walisema "yule mkimbizi." Mimi sikumwita chochote. Nilikuwa nimejifunza namna ya kuzungumza naye bila kumwita: nilisimama mlangoni hadi anione, ndipo niseme shida yangu. Chakula chake nilikisogeza pembeni. "Kinanuka," nilimwambia baba.  Baba alikula cha kwake akamaliza, akala na changu.

Mbwa alikuja msimu wa kukausha tumbaku. Bani letu, yaani kile kibanda kirefu cha kukaushia majani, lilikuwa nyuma ya nyumba. Lilijengwa kwa matofali ya udongo, halikuwa na dirisha, na moto wake haukuzimwa wiki nzima, kwa hiyo ukuta wa nyuma ulikuwa na joto wakati wote. Hapo ndipo nilipomkuta amelala, kati ya ukuta na rundo la kuni. Alikuwa dume wa rangi ya udongo mkavu, mbavu zinahesabika. Shingoni alikuwa na waya wa mtego, ule ambao wawindaji huutega msituni kunasa swala. Alikuwa ameukata kwa kuvuta, na kipande cha urefu wa mkono wangu kilining'inia. Sehemu iliyozunguka shingo haikuonekana, ilikuwa imezama kwenye nyama. Ulichokiona ni manyoya yaliyogandamana na nzi. Alinuka vibaya.

Kwa siku tatu nilimpelekea ukoko wa ugali, na maji kwenye kopo la rangi. Sikumwambia mtu. Sikuwa na mpango wowote naye. Nadhani nilitaka tu pawe na kitu pale nyumbani ambacho yule mwanamke hakijui.

Siku ya nne nilitoka shule mchana nikazunguka moja kwa moja nyuma ya bani. Spesioza alikuwa amepiga goti ubavuni mwa mbwa. Mdomo wa mbwa ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge, na miguu ya nyuma kwa kamba ya kufungia tumbaku. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni. Plaizi ya baba ilikuwa chini, kwenye jani la mgomba. Damu ilikuwa imemfika kwenye viwiko. Pembeni, juu ya mafiga, kulikuwa na sufuria ndogo ya mawese yanayofuka moshi. Naye alikuwa anaongea na mbwa kwa lugha yake, polepole, neno moja akilirudia: "Humura. Humura."

Nilivijumlisha vitu vile kama mtoto anavyojumlisha. Kisu, damu, sufuria, mafuta ya moto. Nikageuka, nikakimbia.

Shangazi Eliza alikuwa anapepeta mahindi uani kwake. "Anachinja mbwa," nilimwambia. "Amemfunga mdomo. Na mafuta yako motoni."

Shangazi aliweka ungo chini. "Hebu rudia."

Nikarudia. Mara ya pili niliongeza kwamba ameshamchuna mguu mmoja. Sijui kwa nini niliongeza. Niliona uso wake unangoja kitu zaidi, nami nikampa.

"Nilimwambia kaka yangu," alisema, bila kunitazama. "Nilimwambia, hawa watu hatujui walikotoka wanakula nini. Akaniona nina roho mbaya."

Jua lilipoelekea kuzama nilirudi nyumbani. Mbwa alikuwa palepale ukutani, anapumua. Shingo yake ilikuwa imeoshwa na kupakwa mawese yaliyochemshwa yakapoa, ikang'aa kama chungu kipya. Juu ya jani la mgomba kulikuwa na waya mweusi uliojikunja. Spesioza alikuwa ananawa mikono kwa majivu.

"Mpe maji," aliniambia. "Chakula mpaka kesho. Koo linamuuma."

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hakuniuliza pia mbwa ni wa nani. Ilikuwa wazi kwamba kopo la rangi ameliona siku nyingi.

Ningeweza kurudi kwa shangazi saa ileile. Ni nyumba tatu. Sikwenda, na kesho yake asubuhi habari ilikuwa imeshafika kisimani.

Mimi nilidhani Humura ndilo jina la yule mbwa. Nilidhani ni mbwa ambaye Spesioza alimjua tangu zamani, huko kwao, aliyemfuata mpaka kwetu, na kwa hiyo jina alikuwa nalo tayari. Nilipomwita hivyo mara ya kwanza Spesioza alinitazama kidogo, akaendelea na kazi yake. Baba naye akamwita Humura, na majirani vilevile. Nilikuwa mtu mzima kabisa, nimekaa basini karibu na mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mwanawe mwenye homa kwa Kirundi, ndipo nilipoelewa kwamba ni neno la kumwambia mtu atulie, asiogope. Tulimpa jina hilo mbwa mwoga kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa anaogopa radi, baiskeli, na kuku mwenye vifaranga.

Kidonda kilipopona kiliacha alama ya duara isiyoota manyoya. Asubuhi alinisindikiza shule mpaka kwenye daraja la magogo, akakaa. Nikivuka, aligeuka akaenda kumfuata Spesioza shambani. Mchana nilimkuta tena darajani. Siku za Jumamosi, tukiwa wote nyumbani na Spesioza akichukua jembe kuondoka, nilikaa barazani nikimwita Humura. Alisimama katikati ya njia akitazama huku na huku, na mkia hajui aupeleke wapi. Mara nyingi alimfuata yeye. Nilimchukia Spesioza kwa hilo, na kwa siku moja moja nilimchukia mbwa pia.

Wakati huohuo hadithi yangu ilikuwa inatembea. Wanawake kisimani walimpisha Spesioza achote kwanza, na kwa kuwa walifanya hivyo kwa adabu ilinichukua muda kuelewa kwamba hawataki ndoo zao zikae foleni moja na ndoo yake. Kisha ikafika zamu yetu ya jumuiya. Jumuiya ya kanisa ilisali nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba aliandaa chakula. Spesioza alipika tangu asubuhi. Alipika wali na nyama ya mbuzi, na hakutumia mawese. Alitumia mafuta ya karanga kama wengine wote. Aliazima sahani. Watu wakaja, wakasali rozari yote, wakaimba, na chakula kilipoletwa mama mmoja akasema, "Tumeshiba, tulikula kabla ya kuja." Wengine wakaitikia hivyohivyo. Shangazi Eliza alikuwa kati yao. Aliangalia sahani yake, kisha akanitazama mimi.

Mimi ndiye niliyerudisha sahani jikoni. Zilikuwa nzito sawa na nilipozitoa. Spesioza alizipokea moja moja, akaziweka chini, akakaa kwenye kigoda akiwa ameshika mwiko. Siku hiyo Humura alikula nyama kuliko siku zote za maisha yake.

Tumbaku ilipokuwa inapangwa madaraja tayari kwa kufungwa, mbwa mwenye kichaa alimng'ata mtoto wa kijiji cha jirani. Mtoto yule alifariki. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akatangaza kwamba ikifika Jumamosi mbwa wote wasio na cheti cha chanjo watauawa na mgambo. Chanjo ilikuwa inatolewa mjini, kwa bwana mifugo, siku ya Alhamisi tu.

Nilimwambia baba. Alikuwa amekaa kati ya marundo ya majani, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu.

"Mbwa ni mbwa," alisema. "Nikiacha hii tumbaku siku moja inapata ukungu."

"Nitampeleka mimi," Spesioza alisema.

Baba aliacha kupanga. "Wewe? Na barabarani wakikuuliza?"

"Sitapita barabarani."

Alhamisi tuliondoka kabla ya saa moja asubuhi, yeye, mimi na Humura kwenye kamba. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kushika kamba mimi. Tulipita kwenye mashamba, halafu vichakani, halafu kwenye vijia nisivyovijua. Kila tulipokaribia barabara kubwa alisimama, akasikiliza, kisha tukavuka haraka na kuingia upande wa pili. Miguu yangu ilikuwa imechanwa na nyasi. Nilidhani anaona aibu kuonekana na mimi. Nilikasirika, nikavuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakati ule sikujua kwamba watu wa makazi walitakiwa kuwa na kibali cha kutoka, chenye muhuri, na kwamba yeye alitoka Katumba kwa kuolewa tu, hana karatasi yoyote. Angekamatwa mjini angerudishwa, au angefanywa jambo lingine. Karatasi yake ya uraia aliipata miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari na watoto wawili. Na siku ile alikuwa anakwenda kwa miguu yake kwenye ofisi ya serikali.

Pale ofisini kulikuwa na foleni ya wanaume na mbwa wao, wakibwekeana. Humura alijificha kati ya miguu ya Spesioza na kutetemeka. Zamu yetu ilipofika, bwana mifugo, mtu mnene mwenye koti jeupe lenye madoa, alimchoma sindano begani kabla mbwa hajajua kinachoendelea. Kisha akakaa mezani akachukua kitabu cha vyeti.

"Jina la mwenye mbwa?"

Spesioza aliniwekea mkono mgongoni, akanisogeza mbele.

"Skolastika," nilisema. Nikataja na jina la baba, na kijiji.

Aliandika. Kisha akainua macho, akamtazama yeye. "Na wewe mama, ni nani wake?"

"Nimemsindikiza."

"Unatoka wapi? Maana lafudhi yako si ya hapa."

 Spesioza alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na nilimwona anapima mlango ulipo.

"Ni mama yangu," nilisema.

Nyuma yetu kulikuwa na watu zaidi ya kumi, kelele zilinichosha, na nilitaka tuondoke. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo. Bwana mifugo alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, akapiga muhuri, akanikabidhi cheti. Nilifurahi kuona jina langu. Nilifikiri pia kwamba Spesioza ameniachia mbwa kwa sababu hamtaki, na hilo lilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja.

Wakati wa kurudi tulikaa kwenye kijito kupumzika. Spesioza alitoa muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, akaanza kuumenya. Tulikuwa hatujasema kitu tangu mjini. Humura alikuwa amelala majini, tumbo lote limezama.

"Ni mimi niliyemwambia shangazi," nilisema. "Kwamba ulikuwa unachinja mbwa."

"Najua," alisema. "Nilikuona unakimbia."

 Nikauliza, "Kwa nini hukuniita?"

Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia. "Nilikuwa nimemshika. Waya umefika nusu. Ningemwachia angekimbia nao, angekufa porini." Aliukata muhogo katikati, akanipa kipande kilichokuwa kikubwa. "Kula, Skora. Bado mbali."

Aliniita hivyo, kwa r, mpaka mwisho wa maisha yake.

Jumamosi mgambo walipita. Nilisimama mlangoni na cheti, wakakisoma, wakaendelea. Waliua mbwa saba siku hiyo kwa rungu, na mmoja wao alikuwa wa Shangazi Eliza, mbwa mzee mweupe aliyelala mlangoni kwake tangu kabla sijazaliwa. Nilikwenda kwake mchana. Nilikuwa nimeamua tangu kijitoni, ila nilichelewa siku mbili, na nikachagua siku mbaya.

Alikuwa amekaa chini, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa.

"Shangazi," nilisema, "siku ile niliona vibaya. Alikuwa anamtoa waya. Mbwa ni huyuhuyu tuliye naye."

"Uliona sawa."

"Sikuona sawa. Na habari ya mguu niliitunga."

"Mtoto hasemi uongo," alisema, kwa sauti ya chini. "Amekufundisha useme hivyo. Mbwa wangu mimi amekufa, wa mkimbizi ana cheti. Nenda nyumbani, Skola."

Nilirudi nyumbani. Nilijaribu pia kwa mama mmoja wa jumuiya, naye alinisikiliza vizuri, akanipa muwa, na jioni yake nikasikia kwamba mkimbizi ameanza kumloga mtoto wa marehemu.

Baba hakumfukuza Spesioza. Alianza tu kula kwa dada yake. Kwanza ilikuwa jioni moja moja, halafu ikawa kila siku. Alirudi amenyamaza, akauliza habari za shamba, akalala. Spesioza alimpikia hata hivyo, akafunika chakula, na asubuhi akakifunua akampa Humura. Iliendelea hivyo kwa mwezi mmoja na zaidi.

Siku moja, baba akiwa ameenda kupeleka tumbaku, nilimkuta Spesioza anafunga nguo zake kwenye kitenge. Hazikuwa nyingi.

"Mama yangu anaumwa," alisema. "Nakwenda Katumba."

Alimfunga Humura kwenye nguzo ya bani kwa fundo la mara mbili. "Usimfungue mpaka zipite siku tatu. Atanifuata. Njia anaijua, nimeshakwenda naye mara mbili."

"Kwa nini usiende naye?"

"Ameandikwa jina lako," alisema. Akamshika mbwa kichwa, akanishika na mimi kichwa, kwa namna ileile. Akaondoka kupitia nyuma, kwenye njia ya mashambani.

Mbwa hakubweka. Alilala, pua yake ikielekea kule alikopita Spesioza, na hakula. Nilimletea ugali, nikamletea dagaa, nikamletea hata maziwa niliyopewa kwa jirani. Baba aliporudi aliangalia nguzo, akaangalia jikoni, akakaa barazani. "Amesema atarudi lini?" aliniuliza. Nikamwambia hakusema. Hakwenda kula kwa shangazi siku hiyo. Hakula kokote.

Siku ya pili asubuhi nilivaa sare ya shule, baba akaenda shambani, nami nikamfungua mbwa. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilitaka kujua kama atanitazama kabla ya kuondoka au ataondoka tu. Aliondoka tu. Alikwenda mbio mpaka kwenye kona ya shamba la mahindi, na hapo akasimama, akageuka, akakaa chini kunisubiri.

Tulitembea karibu siku nzima. Hakuwahi kupita barabarani. Alipita nyuma ya mashamba, akavuka reli mahali penye vichaka, akafuata kijia chembamba ambacho mtu asiyekijua asingekiona. Mahali fulani nyasi zilikuwa zimelala, kama mtu hukaa hapo kila akipita. Humura naye alikaa hapo, akapumua kidogo, akainuka. Nilielewa kwamba natembea kwenye nyayo zake Spesioza, na kwamba hivi ndivyo anavyokwenda kumwona mama yake, akijificha kama mwizi, hali hajaiba. Mchana niliishiwa nguvu nikakaa, nikalia kidogo kwa sababu ya viatu. Mbwa alirudi, akanilamba goti, akangoja.

Katumba tulifika jua likiwa limeinama. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na kila nyumba ilizungukwa na migomba. Watoto walinifuata wakisema maneno nisiyoyajua, na mimi nikawa ndiye ninayetazamwa. Humura aliingia uani kwenye nyumba moja bila kubisha. Spesioza alikuwa anamenya mihogo kando ya mkeka, na juu ya mkeka alilala mwanamke mzee aliyekonda. Kumbe kweli mama yake alikuwa anaumwa. Njia nzima niliamini alinidanganya.

Mbwa alimrukia. Spesioza alimshika kwa mkono mmoja, huku ananitazama mimi, sare yangu, viatu vyangu mkononi.

"Nilimfunga," alisema.

"Nilimfungua."

"Baba anajua?"

"Hapana."

Alimsemesha mama yake kwa Kirundi, mama yake akajibu neno moja. "Umekula?" aliniuliza.

Alimtuma kijana wa jirani mwenye baiskeli apeleke habari, na kesho yake mchana baba akaja kwa baiskeli yake mwenyewe. Aliiegemeza kwenye mgomba, akampa pole mgonjwa, akaketi kwenye kigoda. Walizungumza habari za tumbaku, na za mvua za mwaka uliopita. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mbwa amelalia miguu yangu.

"Nimekuja kumchukua mtoto," baba alisema hatimaye.

"Mchukue," Spesioza alisema.

"Siendi," nilisema mimi.

Baba alinigeukia. Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka. "Nitamwambia nini shangazi yako?"

"Mwambie nimekula mbwa."

Nilidhani atanipiga. Alinitazama muda mrefu, akamtazama Humura, akatazama duara lile lisilo na manyoya shingoni. Sidhani kama alikuwa amewahi kulitazama. Kisha akamwambia mkewe, bila kuinua sauti, "Una chakula hapo, Spesi? Sijala tangu juzi."

Alimpakulia maharage ya mawese. Baba alikula yote, akakomba sahani. Nami nilikula ya kwangu. Sikuyapenda, lakini niliyamaliza.

Baba hakunichukua siku hiyo. Nilisoma Katumba mpaka mwaka ukaisha, nikiwa na bibi mgonjwa ambaye tulielewana kwa ishara, na baba alikuja kila Jumamosi. Bibi yule alipofariki, na msimu mpya ulipokaribia, baba alichukua shamba upande mwingine wa Mpanda, mbali na Magamba, mahali ambapo hadithi yangu haikuwa imefika. Tulihamia huko watatu na mbwa. Shangazi Eliza alikuja kututembelea mara moja. Alikuja na chakula chake kwenye hotipoti.

Nilianza kumwita mama. Siwezi kusema ni lini, kwa sababu halikutangazwa. Ninachokumbuka ni kwamba mara ya kwanza aliitika kutoka shambani bila kugeuka, na Humura ndiye aliyegeuka.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, Humura alikuwa ameshakuwa mzee, mdomo umekuwa mweupe, na macho yake yana ukungu. Asubuhi nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye mti wa kwanza tu. Nikiwa kidato cha pili nililetewa barua na mwanafunzi aliyetoka likizo ya ugonjwa. Mama hakuwa mwandishi. "Skora," aliandika, "Humura amekufa Jumanne. Hakuteseka. Ulikuwa umekuja mwezi wa sita, alikuona. Soma." Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya uji. Nilipokea uji wangu, nikanywa, nikaenda kwenye kipindi cha hisabati. Kilio kilikuja wiki kadhaa baadaye, nikiwa nafua, na wenzangu walidhani nimefiwa na ndugu.

Likizo ya mwisho wa mwaka nilirudi nyumbani. Nilimwuliza baba amezikwa wapi, akanionyesha kwa kidole, nyuma ya nyumba. "Mama yako hakutaka nimsaidie," alisema. "Alianza kuchimba tangu asubuhi. Nilipokwenda mchana kumwangalia, lile shimo lilikuwa limemfika kifuani." Ilikuwa mwezi wa tisa, aliniambia, mvua bado, ardhi inavunja mipini ya majembe.

Mama alikuwa barazani, anachambua maharage ya mbegu. Nilikaa karibu naye, nikaanza kuchambua na mimi. Baada ya muda nikamwuliza kwa nini alichimba kaburi refu namna ile kwa ajili ya mbwa.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Udongo ulikuwa laini," alisema.